Lama Niliyemgawa Bolivia

Mimi ni mtu wa kuongoza, sijazoea kuongozwa. Nina stashahada ya utalii na uongozaji wageni, niliyoisoma kwa hela yangu nikiwa mtu mzima. Kabla ya hapo nilikwisha kukaa Afrika Kusini, kisha Dubai, nikikaanga mayai ya watu wasiojua hata jina langu. Nilirudi Musoma na gari langu. Nyumba yangu ya Kamunyonge nimeijenga mwenyewe kuanzia msingi hadi geti, na anayetaka kujua nilikotoka aende Nyasho aulizie chumba nilichopanga nyuma ya mashine ya kusaga. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba nilipokwenda Amerika ya Kusini sikutumwa na mtu wala sikualikwa na shirika. Nilitaka kwenda, nikajilipia, nikaenda.

Kulikuwa na sababu nyingine, nayo ni baba.

Baba anakaa Butiama, upande wa vilima vya mawe, na ana ng'ombe. Magoti yake yamechoka. Mdogo wangu anayenifuata ndiye anayewachunga, na kiangazi kikikaza anawahamishia Mugeta kwenye malisho ya mashemeji zake. Huyu mdogo wangu hajawahi kutoka nje ya mkoa wa Mara, isipokuwa kwenda Mwanza hospitali. Lakini mzaliwa wa kwanza ni mimi, na kwa desturi yetu kundi linakuja kwangu. Pamoja na kundi linakuja neno la nyumba. Mwenye ng'ombe ndiye anayesema kwenye posa, kwenye msiba na kwenye ugomvi wa mipaka. Wengine wote wanakaa kwenye benchi wanamsikiliza.

Wiki chache kabla ya safari nilipita Butiama kuaga. Nilisimama pale nje nimeegemea mlango wa gari, injini inaunguruma, maana nilikuwa na wageni wa kuwachukua Bunda. Baba alikuja na fimbo yake polepole, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Zima hiyo kitu."

Nikazima. Akasema anataka jibu kabla ya mvua za masika. Nirudi nikae na ng'ombe, ama awakabidhi kwa mdogo wangu na neno liende naye.

"Hatuwezi kuwa na mwenye ng'ombe anayepitaga tu barabarani," alisema.

Nikamwambia nitamjibu nikirudi. Akauliza ninarudi kutoka wapi tena. Nikamweleza habari za Bolivia, nchi iliyo juu milimani, upande wa pili wa dunia. Akauliza kama huko kuna watu. Nikasema wapo, wenyeji wa tangu zamani, na wengi ni wafugaji.

"Basi kawaulize wao," akasema, na kuondoka.

Mdogo wangu alikuwa zizini anafunga lango. Alicheka hadi akashika mti.

Uwanja wa ndege wa La Paz uko juu ya jiji lenyewe, kwenye uwanda wa baridi, na ukitoka mlangoni unajikuta unavuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima na gunia kichwani. Tangu kwenye foleni ya pasipoti nilikuwa nimewaambia wenzangu kwamba mimi milima naijua, nimewahi kupeleka wageni Kilimanjaro hadi kibanda cha mwisho. Kundi letu lilikuwa dogo: mimi na walimu wawili wastaafu kutoka Uswidi, mume na mke. Sasa nikaona watoto wa shule wanacheza mpira kwenye kimo ambacho kwetu wageni hulala chini wakilia. Mama mmoja alinipita kwenye mpando, mzigo mgongoni, mikono yote miwili ikisokota uzi. Kichwa kiliniuma kutwa nzima na moyo ulinidunda hadi masikioni. Sikutapika. Naliweka wazi hilo kwa sababu mwalimu wa kiume alitapika.

Kiongozi wetu alikuwa mwanamke wa rika langu, Mwaymara, mmoja wa wale wenyeji wa tangu zamani, mwenye misuko miwili mirefu, kofia ndogo ya duara na sketi pana zilizovaliwa moja juu ya nyingine. Ndiye aliyekuwa dereva pia. Alitugawia majani ya koka, dawa yao ya kimo, tuyaweke shavuni, akatuambia tutembee taratibu, tunywe maji, na tusimpite mbele kwenye njia yoyote. Hilo la mwisho lilinikera. Nimezoea kutembea mbele na kusikia viatu vya watu nyuma yangu.

Tukaondoka jijini kwenda kusini magharibi. Nilikaa kiti cha mbele. Barabara ya lami ilipoisha tukaingia kwenye kokoto na tope, nikaanza kumwelekeza. Nikamwambia pale ashushe gia, pale akamate kushoto, pale asikanyage breki. Alinivumilia muda mrefu, kisha akaniita kaka, kama walivyo na desturi ya kumwita mgeni mwanamume, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha pole:

"Kaka, kwenu unampa mgeni usukani?"

Nikasema hapana, haiwezekani.

"Basi tazama mlima."

Walimu kiti cha nyuma wakacheka. Nikautazama mlima.

Nchi ile ni kubwa na tupu kwa namna inayomtia mtu wasiwasi. Nyasi ni za kahawia, zimeota vichuguu vichuguu, ngumu kama miswaki. Nyumba ni za udongo zilizoezekwa nyasi, unaweza kudhani ni za mtu wa kwetu, ila nyuma yake kuna milima myeupe kwa theluji. Tulipita minara midogo ya udongo iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, ambamo watu wa kale walizika wakubwa wao wakiwa wameketi. Tulipita maji yanayochemka kutoka ardhini, moshi wake ukilala chini kwa baridi. Tulikula viazi vyeusi vilivyogandishwa kwa baridi ya usiku, vikakanyagwa kwa miguu vitoke maji, vikaanikwa juani. Walimu walivitazama wakasita. Mimi niliyelelewa kwa michembe, viazi vitamu vya kukausha, nilivimaliza nikaomba vingine.

Lakini sikutulia. Tukifika kwenye ziwa la flamingo, mimi nilikuwa nimeshawaeleza walimu habari za flamingo wetu na ninauliza tunaondoka saa ngapi. Tukifika kwenye maji ya moto, nilikuwa nauliza kuhusu mlima. Kiongozi aliniuliza kama kuna mahali ninawahi. Nikamwambia ndivyo nilivyo, nchi nyingi nimeziona kwa sababu hiyo. Akasema ni kweli, anaona nimeziona nyingi. Mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa.

Baada ya siku kadhaa tulifika kwa familia ya wafugaji chini ya mlima mmoja wenye theluji, mlima mrefu kuliko wetu, jambo ambalo sikulipenda. Mwenye mji alikuwa bibi mjane, mfupi, uso umekaushwa na jua na upepo. Aliishi na mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye mabega mapana asiyesema sana. Mifugo yao ni lama. Kwa asiyemjua, lama ni ndugu wa ngamia asiye na nundu, shingo ndefu, manyoya ya sufu, na macho ya mtu anayekudharau.

Ilikuwa majuma ya kanivali, kabla ya Kwaresima, wakati ambao wafugaji wa huko hupamba wanyama wao. Zizi lilikuwa la mawe yaliyopangwa bila udongo, kama yale ya zamani kwetu. Bibi alitandika kitambaa cha rangi katikati ya zizi, akaweka majani ya koka, chupa za kinywaji na karatasi ndogondogo za rangi. Akafanya ishara ya msalaba. Kisha akamwaga kinywaji chini kidogo kidogo pembe zote, ardhi inywe kwanza, akachoma majani yenye harufu moshi uwapitie wanyama.

Mwalimu wa kike aliniuliza kwa sauti ya chini kama hawa ni Wakristo au la. Nikamwambia mimi ni Mkatoliki, nimebatizwa na nina kipaimara, na babu yangu alikuwa Mkatoliki pia, na Jumapili akitoka kanisani alichukua pombe mdomoni akawapulizia ng'ombe zizini wazae vizuri. Akasema anavutiwa sana. Nikamwambia aangalie.

Lama wawili wachanga, dume na jike, walikamatwa wakafungwa pamoja juu ya kitambaa kama bwana na bibi harusi. Kila mtu akawamwagia karatasi za rangi kichwani. Halafu wakaanza kazi ya masikio. Mwana anamshika mnyama shingo, bibi anapitisha sindano nene kwenye sikio na kuacha nyuzi nyekundu na njano zining'inie kama hereni. Wanyama wakatoka pale wanatikisa vichwa, wamependeza.

Ndipo kiongozi akatutangazia kwamba kila mgeni atapewa jike lake. Unamtia uzi mwenyewe, unakuwa mwenye mnyama, unapiga picha. Walimu walipewa mweupe, wakafurahi kama watoto. Mimi nilipewa wa kahawia mwenye uso mweusi, jike zuri, kifua kipana. Nilimshika mwenyewe, goti begani mwake, mkono chini ya taya, nikasikia anatulia. Yule mwana alinitazama mara moja, kisha akaacha kunisaidia.

Niliposhika sikio nikaona matundu. Yalikuwa ya zamani, yamepona. Kwenye moja kulikuwa bado na kipande cha uzi wa buluu uliopauka.

Sasa, kwetu mtu akikupa mnyama jike, huwezi kusema asante ukapiga picha. Kuna maswali ya kuuliza, na asiyeuliza anaonekana hajalelewa. Ukiacha ng'ombe wako kwenye zizi la rafiki, mnakubaliana juu ya uzao wake. Na akifa, rafiki lazima akuonyeshe ngozi. Asiye na ngozi ameuza au amekula. Kwa hiyo nilimwambia kiongozi amuulize bibi watoto wa huyu ni wa nani, na akizaa jike nani anachagua, na akifa watanitunzia ngozi.

Kiongozi hakufasiri. Alinikaribia.

"Kaka, huyu ni wa picha."

"Amesema amenipa."

"Huwapa wageni wote. Ni furaha ya kanivali."

"Mtu mzima hampi mwenzake mnyama kwa mchezo," nikamwambia. "Muulize."

Aliona sitanii, akauliza. Mwana alikuwa wa kwanza kucheka, akageukia ukutani. Bibi hakucheka. Aliweka sindano chini kwenye kitambaa, akaniangalia kuanzia kofia hadi viatu, akataka kujua mimi ni mtu wa nini.

Hapo nilipata nafasi yangu. Nikamwambia mimi ni mzaliwa wa kwanza wa mfugaji. Nikaeleza vilima vya Butiama, mabonde, malisho ya Mugeta, madume yenye nundu, jinsi vumbi linavyosimama wakirudi jioni. Nilisema ng'ombe wangu, kundi langu. Kiongozi alifasiri yote, naye bibi alisikiliza huku akitikisa kichwa kama mtu anayejua anachosikia. Kisha akauliza ndama wa msimu huu wana rangi gani.

Nikataja mweusi, mwekundu na wa madoadoa. Hizo ni rangi ambazo haziwezi kukosekana kwenye kundi lolote.

Akauliza leo wako na nani. Nikasema wako na mdogo wangu. Akauliza mwaka jana walikuwa na nani. Nikasema na mdogo wangu. Bibi akamwambia mwanawe neno fupi, na yule mwana hakucheka tena. Nikamuuliza kiongozi amesemaje. Hakutaka. Nikamsisitizia.

"Anasema, basi wewe ni kama wageni."

Nimetukanwa na wapishi wa Kihindi jikoni Dubai, nimetukanwa na maofisa wa uhamiaji, sikuyumba. Neno hili liliniingia. Nikashika sikio la mnyama nikamwonyesha yale matundu. Nikasema mbona na wao wanachezea watu, huyu ameshatolewa kwa wengine, uzi wao huu hapa.

Bibi hakuona aibu hata kidogo. Alisema ndiyo, uzi wa buluu ni wa Mjerumani mmoja, mtu mzuri, alilia akiondoka. Kabla yake alikuwa mwanamke wa Argentina. Kila mmoja alisema atarudi, na kila kanivali yeye bibi amekuwa akitazama barabara. Kisha akasema maneno ambayo kiongozi aliyafasiri polepole, akisimama katikati kuyatafuta kwa Kiingereza.

"Mwaka ukiisha mwenye mnyama hajaja kumwona, mnyama ni wa anayemlisha. Njoo kanivali ijayo, mwanangu, huyu na mtoto wake ni wako, na akifa ngozi yake nitakutunzia. Usipokuja, nitatafuta uzi wa rangi nyingine."

Kiongozi akaongeza la kwake. Alisema hata yeye ana lama humo. Anaishi jijini, lakini kila mwaka analeta wageni kwa bibi huyu kuliko kwa wengine walio karibu na barabara, na ndiyo sababu. Akitazama wageni wanapiga picha, anakuwa anatazama wanyama wake.

Nilibaki nimesimama na sindano. Wingu lilikuwa limeshuka, punje za mvua ya mawe zikaanza kuruka kwenye mawe ya zizi, na wote wananisubiri. Kumkataa mnyama uliyepewa ni tusi, hilo najua. Kumpokea nisirudi ni kuwa uzi uliopauka kwenye sikio, na watu wanaofuata wanasimuliwa kwamba kulikuwa na Mtanzania mmoja, mtu mzuri. Na mimi ni mtu ambaye sijawahi kwenda matembezi nchi moja mara mbili.

Nikapitisha uzi. Mwekundu, fundo la kukaza, kazi safi. Halafu nikamuuliza bibi kama mwenye mnyama anaweza kumpa mtu mwingine. Akasema mwenye mnyama anafanya atakalo. Nikachukua mkono wa kiongozi nikauweka kwenye kamba.

"Huyu ni wako," nikamwambia. "Wewe unakujaga."

Neno hilo la mwisho lilinitoka kwa Kiswahili cha nyumbani, nikarudia kwa Kiingereza. Bibi alipofasiriwa alipiga kofi kwenye paja. Akamimina kinywaji, akanipa mimi wa kwanza. Nilimwaga kidogo chini kama walivyofanya wao, nikajaza mdomo, nikampulizia yule lama mgongoni kama babu. Mwana akataka na wengine niwapulizie. Nikapulizia zizi zima hadi midomo ikaniwaka.

Kiongozi alikuwa bado ameshika kamba. Alinikumbatia, kofia yake ikanigonga kidevu.

"Asante, kaka. Lakini usukani bado sikupi."

Natamba na jambo hili, wala sifichi. Kamunyonge nzima, Musoma nzima, sijamsikia mwingine aliyewahi kumgawia mtu lama.

Ila kuanzia pale safari ilinishinda. Tulikwenda kwenye uwanda wa chumvi, mahali ambapo watu wanatoka pembe zote za dunia kupaona. Mvua ilikuwa imeacha maji membamba juu ya chumvi, mbingu yote iko chini ya viatu vyako, mawingu yanapita miguuni. Walimu walilala chali wakapigana picha. Mimi nilikuwa nazunguka gari, nikiinua simu kutafuta mtandao. Uliponasa nikampigia mdogo wangu. Alikuwa bwawani, nikasikia ng'ombe wanakoroma majini.

Nikamuuliza ndama wa msimu huu wana rangi gani.

"Kaka, umelewa huko?"

Nikamwambia aseme. Akasema wengi ni wa kijivu, dume lile jipya linatoa kijivu. Mwekundu hakuna hata mmoja. Nikauliza kuhusu mvua.

"Mawingu yapo. Mzee anaulizaga kila jioni kama umeshuka."

Nilimwomba kiongozi tufupishe siku zilizobaki. Akasema nina wenzangu, na wamelipia kuona ziwa jekundu. Ni neno ambalo mimi mwenyewe nimewaambia wageni mara nyingi. Kwa hiyo nikaongozwa hadi mwisho, kupita jangwa la mawe yaliyochongwa na upepo, kupita ziwa jekundu kweli kama udongo wa tofali, na ziwa jingine la kijani chini ya volkano. Niliona vyote. Ukiniuliza nilivyojisikia, nilijisikia kama mtu aliyekaa kwenye basi lililosimama.

Kutoka Mwanza nilipanda gari la Musoma, na nilipofika Bunda nikashuka. Nyumba yangu na kitanda changu vilikuwa mbele, lakini nilikodi gari ndogo nikakata kwenda Butiama na begi langu lote, koti limejaa manyoya ya lama. Nilifika ng'ombe wanaingia. Baba alikuwa kwenye kigoda chake kando ya lango, mdogo wangu anahesabu kwa macho bila kutamka, kama tulivyofundishwa.

Nilikuwa nimepanga hotuba tangu angani. Ilikuwa na utangulizi. Baba aliniangalia akasema, "Umewauliza?" na hotuba yote ikapotea.

"Mpe yeye," nikasema. "Ng'ombe na neno."

Mdogo wangu aliacha kuhesabu. Uso wake haukuonyesha furaha niliyoitegemea. Alionekana kama mtu aliyeegemea mlango kwa nguvu, halafu mtu akaufungua kutoka ndani.

Nikaendelea kabla sijabadili mawazo. Nikasema naomba mtamba mmoja tu abaki humo kwa jina langu, na mwaka ukipita sijaja kumwona, awe wa mdogo wangu, yeye na ndama wake, bila kikao wala mzee wa kusuluhisha.

Baba alilitafuna hilo.

"Kumwona ni nini? Kupita na gari?"

"Kushuka."

"Na kuzima."

"Na kuzima, baba."

"Na kukaa mpaka wanywe maji."

Hapo nilisita. Ng'ombe kunywa maji ni alasiri nzima. Wengine wananusa, wengine wanageuka, wengine wanaingia bwawani wanasimama kama wamesahau walichofuata. Nilikuwa na wageni wa kuingia Serengeti wiki hiyo hiyo.

"Mpaka wanywe," nikasema.

Akamgeukia mdogo wangu.

"Umesikia. Usimkumbushe."

"Mimi nimkumbushe, baba? Nitabadilisha hata namba ya simu."

Wakacheka wote wawili, na mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mdogo wangu alinichagulia mtamba wa kijivu, mwenye pembe zilizofunguka. Nikampinga nikachagua mwingine, wa kijivu vilevile ila mrefu zaidi wa mgongo. Akasema macho yangu bado yapo. Nikamwambia hayajawahi kuondoka.

Masika yamepita, na kulikuwa na posa ya binti wa shangazi ambapo nilikaa kwenye benchi karibu na mlango, mimi mwenye stashahada, ninayezungumza na watu wa mataifa yote, na mdogo wangu akasimama kutoa neno la nyumba. Alizungumza taratibu mno. Kuna hoja aliisahau ambayo mimi ningeiweka mapema. Nilikanyaga kidole changu mwenyewe ili nisifungue mdomo. Wale wageni waliokuja kuposa walimsikiliza hadi mwisho, wakakubali, na wakati wa chakula wakampa mkono yeye kwanza, halafu wakaniuliza mimi ni nani.

Juzi nimekwenda bwawani. Sikumwambia mtu. Niliegesha gari juu ya kilima, nikashuka kwa miguu, jua likiwa bado kali. Mdogo wangu aliponiona aliinua fimbo juu kama mtu aliyeshindwa kesi. Tulisimama pamoja. Alinionyesha anayechechemea na anayetarajia kuzaa. Nilikuwa na watu wa kuwapokea Musoma jioni, simu inatetema mfukoni, na nikawa nahamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule.

"Nenda tu, kaka," akasema bila kunitazama. "Nitamwambia mzee ulikaa."

Nilimtazama usoni nione kama ni huruma au ni ujanja. Hakuna kitu kilichoonekana. Amejifunza haraka, huyu mwenye neno la nyumba.

Nikamwambia asinifanye mtoto. Wengine walikuwa wamekwisha kunywa na wanapanda ukingo. Mtamba wangu alisimama majini hadi magotini, ametazama ng'ambo, anapiga mkia. Hakuonekana kuwa na kiu hata kidogo. Nilizima simu, nikatafuta mahali penye kivuli, na nilipokosa nikakaa juani.